Mume Wangu Amesoma Mistari Niliyoipigia Penseli

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, ninaishi Morogoro, na ni mhasibu katika ofisi ya umma. Nilifunga ndoa kanisani, tuna watoto watatu, na mkubwa ameingia kidato cha kwanza. Mume wangu ni fundi sanifu wa maji. Kabla sijaendelea, naomba niseme wazi kwamba hanipigi, halewi, hana nyumba ndogo ninayoijua, na mshahara wake anauleta nyumbani. Ninayasema haya mapema kwa sababu kila ninapojaribu kueleza shida yangu, watu hutafuta kwanza kosa lake, na wakilikosa wananigeukia mimi.

Shida yenyewe ilianza na kitabu, au ndivyo inavyosemwa nyumbani. Mwaka jana mwenzangu wa ofisini aliniazima riwaya ya Mmarekani Richard Yates iitwayo Revolutionary Road, iliyochapishwa mwaka 1961. Inahusu Frank na April Wheeler, mume na mke wenye watoto wawili, wanaoishi katika nyumba nzuri nje ya jiji, jimbo la Connecticut, katika miaka ya 1950. Mume hupanda treni kwenda New York kufanya kazi ya ofisini asiyoipenda, na mke, aliyesomea uigizaji, hubaki nyumbani. Wote wawili wanajiona kuwa si watu wa kawaida kama majirani zao. Wanapanga kuhamia Paris waanze maisha upya, kisha mke anashika mimba, mume ananusa harufu ya kupandishwa cheo, mpango unakufa, na mwishowe mke anapoteza maisha kwa kujaribu kuitoa mimba hiyo mwenyewe. Hakuna ukurasa hata mmoja unaomfariji msomaji. Nilikisoma usiku, watoto wakishalala, kwa mwanga wa simu, na nilipofika mwisho nilirudi mwanzo.

Maisha yangu si ya April. Sijawahi kuota Paris, na kazi yangu ninaipenda. Hata hivyo, nilijiona mle. Sisi tunajenga Kihonda, na kwa miaka kadhaa sasa nyumba tunayopanga imekuwa kama ofisi ya kusimamia ujenzi wa ile nyingine. Usiku mmoja nilikuwa natafuta picha ya risiti ya nondo katika meseji zetu za WhatsApp, mimi na mume wangu. "Umetuma ada?" "Nimetuma." "Gesi imeisha." "Fundi anataka mifuko kumi kesho." "Usisahau dawa ya mama." Niliipata risiti, lakini sikuacha. Niliendelea kurudi nyuma mwezi hadi mwezi, mpaka nikapita wakati ambapo sikuwa hata nimekisikia kitabu hicho, na sikukuta ujumbe hata mmoja ambao haukuwa na bei, au kitu cha kununua, au mtu wa kulipwa. Sikulia. Nilichukua penseli nikaenda kupiga mstari mahali fulani katika riwaya.

Nilipiga mistari mingi. Siku moja mume wangu alikikuta kitabu juu ya kabati, akakifungua, na kwa kuwa Kiingereza anakijua vizuri, akasoma yale niliyoyapigia mstari tu, akaruka mengine yote. Nilikuwa nakunja nguo. Aliniuliza, "Huyu mwanamume ndiye mimi?" Nikamjibu kwamba ni hadithi tu, tena ya Wazungu, nikaendelea kukunja nguo. Hakuuliza tena. Jumapili iliyofuata nikaona wasimamizi wetu wa ndoa wamefika bila mimi kuambiwa. Tulikula, tukaongea habari za watoto, kisha kitabu kikaletwa mezani kama kielelezo cha mahakamani. Msimamizi wangu, mama ninayemheshimu sana, aliniambia, "Mdogo wangu, huwezi kula pilipili kila siku halafu ukalalamika kwamba tumbo linawaka." Mumewe akaongeza kwamba vitabu vya namna hiyo vimeandikwa na watu ambao ndoa zao zimewashinda, na kwamba ni ugonjwa wa Ulaya na Marekani. Mume wangu hakusema neno. Tuliafikiana nikirudishe.

Nimekirudisha. Lakini sasa mwenzangu ameniazima kingine, Barua Ndefu Kama Hii cha Mariama Bâ wa Senegali, na ninakisoma ofisini wakati wa chakula cha mchana. Nakificha kwenye droo chini ya vocha za malipo, na mtu akiingia ghafla nashtuka kama niliyefumaniwa. Silali vizuri. Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu: nikitoka kazini, siku nyingine nazunguka kupitia mtaa wenye vyumba vya kupangisha, nasoma matangazo yaliyobandikwa kwenye mageti, chumba na sebule, choo ndani, umeme wa kujitegemea. Sina nia ya kuondoka. Nayasoma tu.

Naomba unisaidie. Je, ni kweli kwamba vitabu hivi vimenipandikizia huzuni ambayo haikuwa yangu? Je, niache kuvisoma ili nyumba itulie? Na kama nitaacha, hiki ninachokisikia kitaondoka navyo, au kitabaki peke yake bila hata kitabu?

Msomaji wa Usiku, Morogoro

MAJIBU YA MSHAURI

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja.

Kama nimekuelewa, hukuniuliza namna ya kumwacha mumeo, wala namna ya kumbadilisha. Unauliza kama huzuni uliyonayo ni yako au umeiazima pamoja na kitabu. Nyuma ya swali hilo kuna jingine ambalo umelizunguka bila kulitamka, nalo ni kama mwanamke asiyepigwa, asiyenyimwa matumizi na asiyeibiwa mume ana haki ya kutoridhika. Wasimamizi wenu waliyachukua maswali haya mawili wakayajibu kwa jibu moja, kwamba ukiondoa kitabu, kutoridhika nako kutaondoka. Sidhani kwamba walikuwa na nia mbaya, na hiyo pilipili ya msimamizi wako haikukosa ukweli kabisa, nitairudia. Lakini wewe ni mhasibu, na unajua kwamba hesabu isiyolingana hailinganishwi kwa kuchana ukurasa wa daftari.

Tuanze na tarehe, kwa sababu umezitaja mwenyewe. Meseji ulizozirudia usiku ule ziliandikwa kabla hujakishika kitabu. Kwa hiyo kitabu hakikuziandika. Kilichofanya ni kukufanya uzisome. Watu wanaoogopa riwaya chungu mara nyingi husahau tofauti hiyo. Wanasahau pia kwamba hadithi tamu ndizo zenye historia ndefu zaidi ya kuvuruga nyumba. Mfaransa Gustave Flaubert alishitakiwa mwaka 1857 kwa kuchafua maadili ya umma kwa riwaya yake Madame Bovary, kisha akaachiwa, na ukiisoma utakuta kwamba Emma, mke anayejiangamiza ndani yake, aliharibiwa na vitabu vya mapenzi matamu alivyovisoma usichanani, vilivyomfanya amwone mume wake kuwa gogo. Mwenzio ninaona hayo hayo kila siku katika barua ninazoletewa. Tamthilia za Kituruki zinaoneshwa sebuleni kila jioni, mwanamume wa mle anamletea mkewe maua na machozi, na sijasikia wasimamizi wa ndoa wameitwa Jumapili kujadili rimoti.

Sasa hilo la ugonjwa wa Ulaya na Marekani. Ningependa msimamizi wenu wa kiume akumbuke, au aambiwe kwa heshima, kwamba riwaya chungu kuhusu familia tunazo katika Kiswahili tangu zamani, na kwamba iliyo kali kuliko zote pengine alikwishaisoma. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971, habari za binti aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi mpaka uhuru ulipomfikia hakujua afanye nao nini. Kitabu hicho kilipigwa marufuku shuleni kwa kipindi, kisha baadaye kikaja kusomeshwa shuleni. Mwaka 1974 akatoa Kichwamaji, ambamo msomi wa chuo kikuu anaoa, anapata nyumba, na bado hapati sababu ya kuishi. Hakuna treni ya New York mle. Na huyo Mariama Bâ unayemficha chini ya vocha alikuwa Mwislamu wa Dakar, mwalimu, mama wa watoto tisa, na riwaya yake ya mwaka 1979 ndiyo ya kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Noma ya uchapishaji wa Afrika, mwaka 1980. Kwa hiyo kama kutoridhika ni ugonjwa, ulikuwapo Ukerewe na Dakar kabla wewe hujaolewa.

Hata hivyo sitaki nikupe ushindi ambao hukuuomba, kwa maana upande wako nao una mambo ninayotamani uyatazame upya.

Riwaya ya namna hii ina ustadi wake, na ustadi huo ni wa kuchagua. Mwandishi anayetaka kutuonesha ndoa inavyokufa haandiki ile Jumanne ambayo mume na mke walicheka kwa sababu mtoto alivaa viatu kinyume. Na kama ataiandika, ataiandika ili ituume zaidi baadaye. Sisemi kwamba anadanganya, ila anachagua kwa kusudi lake. Wewe usiku ule ulifanya kazi hiyo hiyo ya mwandishi: ulichukua meseji, ambazo kwa asili yake ni daftari la matumizi, ukazisoma kama kitabu cha maisha yenu yote. Je, yale mnayoongea kwa mdomo yako wapi? Inawezekana kwamba hayapo, na kama hayapo nakuamini na ninaelewa ulivyoumia. Lakini barua yako haikuniambia kama uliyatafuta. Na ile "Usisahau dawa ya mama", hukusema ni mama wa nani, wala nani alimkumbusha nani. Kama ni yeye aliyekukumbusha dawa ya mama yako, au ni wewe uliyemkumbusha ya mama yake, huo ni ujumbe wenye bei ndani yake, ni kweli, ila sidhani kwamba ni bei tu.

Hapa ndipo pilipili inapoingia. Mtu anayesoma vitabu vichungu vitupu, usiku, amechoka, kwa mwanga wa simu, akiwa peke yake na ukurasa, anaweza kufika mahali ambapo jicho lake linatambua uchungu peke yake hata mchana. Kitabu hakijamdanganya, ila amekizoea. Wewe mwenyewe ndiye unayeweza kujua kama umefika hapo.

Jambo lililonikaa zaidi katika barua yako, mwanangu, ni lile swali la mumeo. Umelipita haraka sana. Unalalamika, na una haki, kwamba kati yenu hakuna neno lisilo la saruji, ada au gesi. Kisha mwanamume huyo huyo, fundi wa maji, ambaye pengine hajashika riwaya tangu amalize shule, anasimama na kitabu mkononi, anasoma mistari uliyoipigia penseli, na anakuuliza, "Huyu mwanamume ndiye mimi?" Swali hilo halikuwa na bei. Inawezekana lilikuwa la kwanza la aina hiyo kwa muda mrefu, na lilimgharimu kuliuliza, kwa sababu mtu haulizi hivyo kama hana hofu ya jibu. Ukamjibu kwamba ni hadithi tu. Sikulaumu, ulishtukizwa, na ungeweza kusema nini ghafla namna ile, na nguo mikononi? Ila ningependa ufikirie kama yeye naye, aliposikia jibu lile, hakurudi chumbani akiwa na meseji yake isiyojibiwa, na kama kuwaita wasimamizi hakukuwa namna yake, isiyo na ustadi, ya kuliuliza tena akiwa na watu wa kumsaidia. Umeniambia kwamba siku ile hakusema neno. Unaweza kuusoma ukimya huo kama wa hakimu. Unaweza pia kuusoma kama wa mtu aliyeona aibu jinsi jambo lake la siri lilivyogeuzwa kuwa kikao.

Najua unachotarajia niseme baada ya hapo: kaeni mzungumze. Nasita kidogo, na sababu yangu iko katika kitabu chako mwenyewe. Frank Wheeler si mume asiyeongea. Anaongea kurasa kwa kurasa, ana hoja, ana nadharia kuhusu jamii ya Marekani, na mara nyingi April anachotaka ni anyamaze kidogo tu. Katika nyumba ile maneno ndiyo silaha. Na kumbuka ukurasa wa mwisho kabisa, ambapo Bibi Givings, dalali aliyewauzia nyumba, anawasema marehemu na mjane wake bila kukoma, na mume wake mzee anazima polepole kifaa chake cha kumsaidia kusikia. Kwa hiyo wingi wa mazungumzo peke yake hauniambii kitu. Ningejali zaidi nani anaanza, kwa swali gani, na kama yupo anayesikiliza. Mumeo alikwisha kuanza. Mlango huo unaweza kuwa bado uko wazi kidogo, au anaweza kuwa ameufunga. Mimi niko mbali na siwezi kujua.

Tuyatazame basi yale yaliyo mbele yako, na hatari zake.

Ukiacha kusoma kabisa, nyumba inaweza kutulia, na pengine utapata usingizi. Hatari yake ni kwamba utakuwa umeacha kwa amri ya kikao, na mtu aliyenyang'anywa kitu mbele ya wageni huwa hakisahau. Kila ukiona droo tupu utakumbuka nani aliyeifanya iwe tupu. Tena, umeniuliza mwenyewe kama unachokisikia kitabaki peke yake bila kitabu. Nadhani sehemu yake itabaki, kwa sababu sehemu hiyo ilikuwapo kabla.

Ukiendelea kusoma kwa siri, utaendelea kusoma, lakini angalia jinsi siri hiyo ilivyokwisha kubadilisha tendo lenyewe. Kitabu cha kuazima kimeanza kukupa mapigo ya moyo ya mtu aliyefumaniwa. Siku mumeo atakapokikuta, na vitu vya droo hukutwa, hatauliza tena kilichoandikwa ndani. Atauliza kwa nini kilifichwa, na swali hilo ni gumu kulijibu kuliko lile la kwanza.

Ukisoma waziwazi, kitandani, taa ikiwaka, utakuwa umerudisha heshima yako kama mtu mzima anayechagua chake. Hapo hatari ni ya aina nyingine: kitabu kinaweza kugeuka kuwa ujumbe. Mistari ya penseli katika kitabu kilichoachwa juu ya kabati ni njia ya kusema bila kusema, na nahisi, nisamehe kama nakosea, kwamba kabati ile haikuwa mahali pa kuficha kitu. Unaweza pia kumsimulia hadithi hiyo kwa mdomo, pamoja na ubaya wa April na si ule wa Frank peke yake, kisha ukamuuliza yeye alikuwa amejiona wapi katika mistari ile. Wanaume wengi hawatasoma riwaya ya kurasa mia tatu, lakini kisa huwa wanakisikiliza. Hata hapo, anaweza kuona unamfundisha, akakataa, au akakwambia jambo kuhusu wewe ambalo hukuwa tayari kulisikia. Huenda naye ana mtaa wake anaozunguka akitoka kazini.

Hilo linanileta kwenye matangazo ya vyumba. Unasema huna nia ya kuondoka, na mimi nakuamini unavyosema. Naona kwamba unayasoma matangazo yale kama unavyosoma riwaya: chumba na sebule, choo ndani, ni hadithi fupi ya mwanamke anayeishi peke yake ambaye hakuna anayemuuliza gesi. Si kosa kuisoma. Ila hadithi ikirudiwa kila wiki huanza kudai mwisho, na mwisho wa kutoka mlangoni huonekana kama ndio pekee wenye ujasiri. Katika tamthilia ya Mnorwe Henrik Ibsen ya mwaka 1879, A Doll's House, mke aitwaye Nora anamwacha mume na watoto na kufunga mlango nyuma yake, na dunia bado inaukumbuka mlango ule. Wachache wanakumbuka kwamba mwigizaji mmoja wa Ujerumani alikataa kuigiza mama anayewaacha watoto wake, na Ibsen mwenyewe, huku akichukia sana, akaandika mwisho wa pili ambamo Nora anaoneshwa watoto wake waliolala na anashindwa kuondoka. Nora ni yule yule, sebule ni ile ile, na miisho ni miwili. Na hakuna kati ya hiyo miwili unaotuambia asubuhi iliyofuata alikula nini, alilala wapi, au nani alimlipia. Mariama Bâ, ambaye naona umemshika wakati unaofaa, alikuwa na subira zaidi. Ana wanawake wawili. Aissatou anaondoka na wanawe wanne na kujenga maisha mengine. Ramatoulaye, mwenye watoto 12, ambaye mume wake anaoa rafiki wa binti yao, anabaki. Mwandishi hamcheki yeyote kati yao, na urafiki wao haufi.

Huku kwetu, hata siku ambayo mtu ameamua kweli, njia haiwi fupi kama ya Nora. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, kwa kawaida, shauri lipite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya kudai talaka mahakamani. Naitaja kwa kupita tu, maana hauko huko, na sitaki barua yangu ikusogeze mahali ambapo yako haikufika.

Ningefikiria zaidi kuhusu wasimamizi wenu. Walikuja kwa mwaliko wa upande mmoja, wakakuta kitabu mezani, wakakijadili kitabu. Inawezekana kumwona yule mama peke yake, siku ya kawaida, na kumweleza habari ya zile meseji badala ya habari ya riwaya. Yeye ameolewa muda mrefu kuliko wewe, na sitashangaa akikwambia kwamba anazo na zake. Anaweza pia kulipeleka neno lako kwa mumewe jioni ile ile, na kutoka hapo kwa mumeo; unamjua wewe, pima mwenyewe.

Neno moja kuhusu usingizi, nalo nalisema kwa uzito tofauti na mengine yote. Umetaja kutolala vizuri kwa sentensi moja, katikati ya mambo mengine. Baadhi ya vitabu tulivyovitaja vina watu wanaokufa kwa mikono yao. Kama kuna nyakati unaona kwamba heri usingekuwapo, au kama kutolala huko kumeambatana na kukosa hamu ya chakula, ya watoto, ya kazi unayosema unaipenda, basi hilo tulitoe kabisa katika mjadala wa riwaya na wa ndoa, na umwone daktari wiki hii bila kumngoja mtu yeyote akubali kwanza. Kama halipo, nimefurahi, na utanisamehe kwa kuuliza.

Mwisho, umeniandikia mengi kwa undani, hadi umeme wa kujitegemea kwenye mageti, lakini hukuniambia hata mstari mmoja uliokuwa umeupigia penseli. Sihitaji kuujua. Mumeo ndiye aliyeuliza. Ila kabla hujaamua kama utamjibu, na kwa namna gani, ningekushauri umwombe mwenzako wa ofisini akupe tena kile kitabu kwa nusu saa ya chakula cha mchana, uyaangalie tena yale uliyoyachagua. Angalia ni mangapi yanayosemwa na Frank, mangapi ni ya April, na kama yapo ambayo leo usingeyapigia mstari. Ukiona vema, niandikie ulichokikuta.